Ukuta wa Bi Maudine

Mngurumo ulikatika ghafla. Ulikuwa mngurumo mdogo wa mashine ya oksijeni ya Bi Maudine, jirani wa upande wa pili wa ukuta, na kwa miaka mitatu Janelle alikuwa amelala nao kama wengine wanavyolala na mlio wa saa. Alipofumbua macho gizani alfajiri ile ya Januari hakujua kimemwamsha nini. Alihisi tu kwamba chumba kimekuwa kimya mno. Kisha, kutoka jikoni, kitasa kikalia: tik.

Royce alikuwa ameshakaa kitandani. Yeye hakuusikia ukimya. Alisikia kitasa.

"Kuna mtu," alinong'ona.

"Royce, ngoja kwanza..."

"Mpango, Janelle. Fuata mpango."

Mpango wenyewe aliuchora Desemba, nyuma ya kalenda ya kanisa, wiki ile wezi walipovunja kioo cha pikapu yake wakabeba mashine ya skrubu, ngazi fupi na mkanda wake wa vifaa. Nyumba mbili za mtaa wao, hapo mjini Sedalia, zilikuwa zimeshaingiliwa. Kwa mpango huo, yeye angesimama kwenye mlango wa chumba chao, mwisho wa korido, bastola ikielekea mlango wa nje wa jikoni. Janelle angepita korido hadi chumba cha Opal, kilichopakana na jiko kwa upande wa kulia, amlaze mtoto sakafuni na kumfunika kwa mwili wake. Walikuwa wameufanyia mazoezi mara mbili, mchana, wakicheka, na Opal akidhani ni mchezo wa kujificha.

Sasa Janelle alipita koridoni kwa miguu mitupu, akijua mtutu uko nyuma yake mahali fulani gizani. Baridi ya nje ilishamfikia kwenye vifundo vya miguu. Mlango wa jikoni ulikuwa umefunguliwa. Kizingitini alisimama mtu, mpana, kitu cheupe kikining'inia hadi magotini.

"Simama hapohapo!" Royce alipiga kelele. Sauti ilimkatika katikati kama ya mvulana anayebalehe. "Nina bastola! Simama!"

Yule mtu hakujibu. Alipiga hatua moja ndani, akashika jiko.

"Nitapiga! Naapa nitapiga!"

Ndipo ukimya ulipomwingia Janelle akilini. Mngurumo. Mashine.

"Royce, usipige! Ni Bi Maudine! Mashine yake imezima!"

Alipapasa ukuta mpaka akaipata swichi ya taa. Bi Maudine Stamper alikuwa amevaa koti la marehemu mumewe juu ya gauni la kulalia, viatu vya theluji havijafungwa, midomo imekuwa rangi ya risasi ya penseli. Alikuwa amefumbua mdomo muda wote ule, akijaribu kusema, na hakuwa na hewa ya kutolea neno. Mkononi alishika ufunguo wenye uzi wa kijani.

Janelle alimkalisha. "Vuta puani, Bi Maudine. Toa kwa mdomo, polepole, kama unapuliza mshumaa. Hivyohivyo." Alikuwa amefundishwa hayo wiki iliyopita tu, katika darasa lake la jioni la wasaidizi wa wauguzi, na alikuwa amejizoeza juu ya mwanasesere wa plastiki. "Royce, kuna mtungi mdogo wa oksijeni nyuma ya mlango wake wa mbele. Kaulete."

Royce hakusogea. Bastola ilikuwa bado mbele yake, na mikono ikimtetemeka.

"Royce! Weka hicho kitu, ukimbie!"

Aliiweka juu ya friji, akakimbia kwenye theluji na soksi. Alirudi na mtungi, akarudi tena kuwasha swichi kuu ya upande wa pili, na muda mfupi baadaye mngurumo ukaanza upya ndani ya ukuta. Wote watatu waliusikia.

"Nilichomeka hita na birika pamoja," Bi Maudine alisema, pumzi ilipomrudia. "Swichi ikaruka. Giza lile, nikashindwa kuuona mtungi. Nisameheni, wanangu, nimewaharibia usingizi."

"Umeingiaje?" Royce aliuliza.

Mama yule aliinua ufunguo kidogo. Royce aliutazama ufunguo, kisha akamtazama mkewe.

Opal alitokea koridoni akiburuta blanketi. Alikuwa na miaka mitano na nywele zimemsimama upande mmoja. "Bibi Maudine amekuja kula?" aliuliza.

Janelle alimfunga blanketi mabegani.

*

"Ulimpa ufunguo wa nyumba yangu."

"Oktoba. Ana miaka sabini na nne, anapumua kwa mrija. Ningefanyaje?"

"Nilisema hakuna kumpa mtu ufunguo."

"Ulisema Desemba. Nilikuwa nimeshampa." Janelle alikuwa akipaka siagi ya karanga kwenye mkate wa Opal, anapaka kipande kilekile kwa mara ya tatu. "Nikaogopa kukwambia. Hilo ni kosa langu, nalibeba. Lakini na wewe beba lako."

"Langu lipi? Nimelinda nyumba yangu."

"Dhidi ya Bi Maudine."

"Sikujua ni yeye!" Royce alishusha sauti kwa sababu ya mtoto, na kwa sababu ya ukuta. "Nusura nimuue, Janelle. Unaelewa? Kidole kilikuwa kimeshaingia kwenye kifyatulio."

"Naelewa. Nilipita mbele ya hicho kidole."

Royce aliinama kufunga buti. Majira hayo kazini alikuwa akiazima vifaa vya watu, na msimamizi wake alikuwa amezoea kumwita mbele ya wenzake, "Tackett, leo umekuja na mikono yako tu au umeibiwa hata hiyo?" Kila mtu alicheka, na Royce alicheka nao. Janelle alilijua hilo. Alijua pia kwamba bastola ndiyo kitu pekee alichonunua Royce msimu ule bila kumwomba mtu.

"Nikuulize kitu," Janelle alisema taratibu zaidi. "Kama ungepiga ukakosa, risasi ingeenda wapi?"

"Nisingekosa. Ni futi ishirini na mbili."

"Mikono ilikuwa inakucheza kama ya mlevi, mume wangu. Ungekosa. Ingeenda wapi?"

"Ukutani."

"Halafu?"

"Halafu nini? Ukuta ni ukuta."

Janelle aliacha kisu kwenye chupa ya siagi. Mtu huyu alikuwa fundi wa kuta. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akifunga bodi za jasi nyumba baada ya nyumba, akirudi jioni na kope nyeupe za unga. Ni yeye aliyewahi kumchekesha shemeji yake siku ya sikukuu kwa kutoboa bodi mpya kwa ngumi, akasema, hii nayo ni chaki katikati ya karatasi mbili, tunawauzia watu kwa jina la nyumba. Na yeye huyohuyo ndiye aliyesema ukuta ni ukuta.

Ilionekana naye aliyasikia maneno yake mwenyewe, kwa sababu alichukua chakula chake akatoka bila kufunga zipu ya koti.

Adhuhuri Bi Maudine aligonga mlango wa mbele, mlango wa wageni. Hakukubali kuingia. Alikuwa amechana nywele na kupaka rangi ya mdomo, mtungi wake mdogo kwenye kigari cha magurudumu mawili, na alitoa kitu kilichofungwa kwa leso ya karatasi.

"Mpe mumeo. Mwambie samahani."

Janelle alijua ni nini kabla ya kufungua. "Bi Maudine, tafadhali. Kaa na ufunguo."

"Nimeendesha basi la shule miaka thelathini na moja, mwanangu. Mtu akikuogopa unashuka, hungoji akufukuze." Alijaribu kutabasamu. "Nitanunua tochi."

"Ukizidiwa je?"

"Nitapiga simu ya dharura kama watu wengine."

"Gari la wagonjwa huchukua dakika kumi na nne kufika huku."

"Basi nitapumua polepole," alisema Bi Maudine, akageuza kigari.

Sasa, katika nyumba ile kulikuwa na desturi. Kila siku saa mbili usiku, akishavaa nguo za kulalia, Opal alienda jikoni akagonga ukuta wa kushoto mara mbili. Bi Maudine aligonga mara mbili upande wake. Ilianza Opal akiwa bado anabebwa, na tangu hapo haikupita siku, hata siku ya mazishi ya Bwana Stamper.

Usiku ule Opal aligonga. Mashine ilinguruma. Aligonga tena, kwa ngumi.

"Amelala?"

"Labda, mpenzi."

Na papo hapo, upande wa pili, umbali wa mkono mmoja tu, Bi Maudine alikohoa. Alikuwa macho, amekaa palepale. Opal alimtazama mama yake. Janelle akamwinua akampeleka kitandani, na alipopita koridoni alimkuta Royce amesimama gizani, ameegemea fremu ya mlango, amesikia yote.

"Jumamosi twende kwa baba," Royce alisema. "Nitakuonyesha kwamba ukuta unazuia. Ili ulale."

*

Mzee Harlan Tackett alikuwa na ng'ombe kumi na wawili na shamba lililoteremka hadi kwenye ukingo wa udongo, mahali ambapo ukoo mzima ulijifunzia kulenga shabaha. Aliegemea lori lake akimtazama mwanawe akishusha mbao za inchi mbili kwa nne, vipande vya bodi alivyookota kazini, na fungu la sufi ya pinki ya kuzuia baridi.

"Unawajengea ng'ombe wangu sebule?"

"Ni majaribio, baba."

"Usiwadekeze. Kesho watataka televisheni."

Royce hakucheka. Alikuwa amepima nyumba yake kwa futi ya kupimia siku iliyotangulia na kuandika vipimo kwenye kipande cha mbao, na sasa alifanya kazi kama anavyofanya siku zote, haraka, safi, bila skrubu moja kwenda upande. Alisimamisha kuta mbili, moja nyuma ya nyingine. Wa kwanza ulikuwa kama wa chumba cha Opal: bodi, uwazi, bodi. Wa pili ulikuwa kama ule wa Bi Maudine: bodi mbilimbili kila upande, sufi katikati. Janelle alimtazama akipitisha kiganja kwenye kiungo kuona kama kiko sawa, huku akijua kitapigwa risasi baada ya dakika tano, na akampenda kwa uchungu.

Nyuma ya kila ukuta Royce aliweka galoni la maziwa lililojazwa maji, juu ya ndoo. Janelle alisogea akazigeuza ndoo zote mbili zikalala ubavu, magaloni yakashuka.

"Mto wa Opal uko chini zaidi," alisema. "Hapa."

Royce alilitazama lile galoni. Kisha alihesabu hatua hadi futi ishirini na mbili, Mzee Harlan akampa Janelle viziba masikio, na Opal alikuwa nyumbani kwa bibi yake akipaka rangi vitabu, hatua mia mbili kutoka hapo, nyuma ya ghala.

Alipiga risasi moja.

Galoni la kwanza liliruka. La pili lilipasuka kwa wakati uleule, au ilionekana hivyo. Maji yakamwagika kwenye majani yaliyoganda na mvuke mwembamba ukapanda. Kwenye ukingo udongo ulikuwa umetimka. Kuta zote mbili zilisimama vilevile, nzima, nyeupe, kana kwamba hazikuguswa.

Royce alienda akapiga goti. Kwenye bodi ya kwanza tundu lilikuwa dogo, kidole cha mwisho hakikuingia vizuri. Kwenye bodi ya pili karatasi ilikuwa imechanika kidogo. Alizunguka ukuta wa pili. Tundu. Akaondoa sufi. Tundu. Akazunguka nyuma. Tundu, pana zaidi, lenye ndevu za karatasi.

"Labda risasi yenyewe ni kali mno," alisema bila kumwangalia mtu. "Baba, leta bunduki yako ya marisau. Wanasema marisau madogo hayapiti."

"Nani anasema?"

"Watu."

Mzee Harlan alileta bunduki aliyoiwindia kware. Royce aliweka galoni jipya nyuma ya ukuta wa kwanza, akapiga. Safari hii tundu lilikuwa kubwa kama sahani ya chai. Ukuta wa pili ulipata madoadoa tu. Lakini galoni la nyuma ya wa kwanza, lile la kimo cha mto, lilikuwa likivuja kwa matundu tisa, likilia kama birika.

Walisimama wakilitazama mpaka maji yote yakaisha.

"Bastola yangu imekaa kwenye droo miaka arobaini," Mzee Harlan alisema hatimaye. Mzaha ulikuwa umemtoka usoni. "Mlango wa mbele uko kulia, droo kushoto. Mpango huo niliupanga usiku ule ulipozaliwa wewe. Sikuwahi kujiuliza nyuma ya ukuta ulio kando ya mlango wa mbele kuna chumba gani."

"Chumba gani?" Janelle aliuliza, ingawa Royce alikuwa ameshainamisha kichwa.

"Chao," mzee alisema. "Cha huyu na dada yake."

Walibomoa kuta pamoja. Njiani kurudi mjini, Royce aliendesha polepole, mikono yote miwili kwenye usukani.

"Bodi hizi naziinua kila siku," alisema. "Najua bodi moja ina uzito gani. Najua inakatwaje kwa kisu cha senti hamsini."

Janelle hakumkumbusha kwamba alikuwa ameshamuuliza hilo. Aliweka mkono juu ya goti lake, ukakaa hapo hadi nyumbani.

*

Jioni ileile Royce alitoa uzi wake wa chaki, ule wa kupigia mistari ukutani. Alifunga ncha moja kwenye msumari wa fremu ya mlango wao, kimo cha kifua, akampa Opal ncha ya pili.

"Nenda nao mpaka jikoni. Simama kwenye mlango wa nje. Vuta."

Opal alivuta, amefurahi kupewa kazi. Uzi ulipita koridoni ukiwa umenyooka. Royce alimwambia asogee kulia upana wa kiganja, na uzi ukagusa ukuta wa chumba chake. Royce akaingia chumbani na futi yake, akapima, akaweka alama ya penseli. Alama iliangukia inchi nne juu ya mto.

"Sogea kushoto, mama."

Uzi ukagusa ukuta wa kushoto, palepale anapogonga.

"Nyuma ya hapa kuna nini?" Royce aliuliza.

"Bibi Maudine," Opal alisema.

"Bibi Maudine gani? Yaani kuna kabati, kuna nini?"

"Sijui. Hagongi tena."

Royce aliweka futi mfukoni. Alichukua leso ya karatasi yenye ufunguo kutoka kwenye kopo la chai, ambako Janelle alikuwa ameiweka, akavaa kofia, akaivua, akatoka. Janelle hakwenda naye. Hakuhitaji. Ukuta ule ulileta kila neno.

"Bi Maudine, samahani kukusumbua. Nataka kujua kiti chako kiko wapi."

"Kiti changu? Unakitaka?"

"Hapana, mama. Nataka kujua unapokaa."

Magurudumu ya kigari yalisogea. "Hapo. Si unakiona? Kimeegemea ukuta wenu. Hapo ni pabaya, televisheni inaonekana kwa upande. Lakini nikikaa kwingine simsikii mtoto akigonga."

Jikoni, Janelle alikuwa ameshikilia kaunta.

"Nilikulenga kifuani," Royce alisema. Sauti ilimkatika vilevile kama siku ile. "Na kama ningekosa... Nimeujaribu ukuta leo. Kiti chako kiko kwenye njia. Kitanda cha binti yangu kiko kwenye njia. Kila kitu ninacholinda nimekipanga nyuma ya shabaha, Bi Maudine. Mimi ni fundi wa kuta."

"Mbona unalia, wewe? Nimepigwa mimi?"

"Hapana, mama."

"Basi kaa. Unaniharibia zulia na theluji yako." Kiti kililia. "Nilikuona usiku ule. Nimebeba watoto wa mji huu miaka thelathini na moja. Mtu mwenye hofu namjua hata akiwa na ndevu. Nilichokuogopea ni kwamba ungenipiga halafu uishi nalo."

"Chukua ufunguo."

"Hutanipiga risasi?"

"Hapana, mama."

"Apa kwa kitu cha maana."

"Naapa kwa Opal."

"Basi na taa ya nje nunua. Giza la pale kwenye ngazi, hata mimi nikijiona ningejipiga."

Janelle alijikuta anacheka huku machozi yakimdondoka kwenye sinki. Saa mbili usiku Opal aligonga mara mbili. Jibu lilikuja haraka sana, kana kwamba mkono ulikuwa umeinuliwa unangoja.

*

Mpango wa pili ulichorwa mezani na watu wanne, na Bi Maudine ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Kitanda cha Opal kilihamishiwa upande wa bomba la moshi, kule kwenye matofali, nje ya mistari yote ya uzi. Fremu ya mlango wa jikoni Royce aliifunga upya kwa skrubu ndefu za inchi tatu zilizoingia hadi kwenye mbao za ndani. Taa inayowaka yenyewe mtu akipita ilining'inizwa kwenye ngazi. Bastola iliingia kwenye sanduku la chuma lenye kufuli la namba nne, likafungwa kwa bolti ndani ya kabati la chumba chao.

Pa kukimbilia palikuwa bafuni, kwa sababu beseni la kuogea la nyumba ile lilikuwa la zamani, chuma kizito ambacho watu wanne hawakuweza kukisogeza. Janelle angeingia humo na simu. Bi Maudine, akija, agonge ukuta mara mbili kabla ya kushika kitasa. Hewa ikimwishia, agonge kwa fimbo.

Na sheria ya juu ya zote aliitoa Janelle. Royce hatabonyeza namba hata moja ya sanduku kabla ya kila mmoja kusema kwa sauti yuko wapi.

"Hata kama mwizi yuko jikoni?" Royce aliuliza.

"Hata kama anapika."

"Basi atasikia tulipo."

"Na asikie. Sisi pia tunasikiana."

Opal alipewa sentensi yake na kuifanyia mazoezi kila Jumapili baada ya chakula, kwa furaha kubwa kupita kiasi. "Niko kwenye beseni!" alipayuka, sauti ikigonga vigae.

"Nimesikia!" Bi Maudine alijibu kutoka upande wa pili. "Mji mzima umesikia!"

Mwezi wa tatu theluji iliyeyuka. Janelle alifaulu mtihani wake wa kwanza, na Bi Maudine alisherehekea kwa kuoka biskuti za karanga, kopo zima la bati, ambalo Janelle aliliweka juu ya rafu ya juu kabisa ili lisiishe siku moja.

*

Siku tatu baadaye, saa kumi na nusu alfajiri, mguu wa kiti uliburutwa jikoni.

Royce alikuwa amesimama kabla ya kujua amesimama. Mashine ya Bi Maudine ilikuwa ikinguruma, si yeye. Hakuna aliyegonga ukuta. Taa ya ngazini ilikuwa imezima. Kwa hiyo aliyekuwa jikoni alikuwa ameshapita mlangoni.

Janelle alikuwa ameshatoka. Royce alisikia nyayo zake zikienda chumba cha mtoto, zikasimama. Zilisimama muda mrefu mno.

"Royce," alisema kutoka gizani, kwa sauti ambayo Royce hakuwahi kuisikia. "Hayuko kitandani."

"Bafuni?"

Nyayo. Mlango wa bafu. Pazia la plastiki likaburutwa. "Niko bafuni. Hayuko."

Mkono wa Royce ulikuwa juu ya sanduku. Vidole vilijua namba vyenyewe. Jikoni kitu kiligusa kitu, chuma kwenye bati, taratibu, kama mtu asiyetaka kusikika. Mtu yumo ndani na mtoto hayupo. Kwa mpango wa zamani angekuwa ameshasimama mlangoni, futi ishirini na mbili, kidole ndani.

Aliondoa mkono kwenye sanduku. Ilikuwa kama kuuondoa kwenye gundi.

"Opal!" aliita.

Jikoni palikuwa kimya. Upande wa pili wa ukuta Bi Maudine alikatiza kikohozi, akisikiliza.

"Opal! Sema ulipo!"

Kifuniko cha bati kilianguka. Kilibingirika sakafuni, kikazunguka, kikazunguka tena, kikalala. Janelle alisimama kwenye mlango wa bafu, simu ikimwangazia kidevu, hapumui. Kisha, kutoka mwisho wa korido, palepale mtutu ulipokuwa ukielekea zamani, ikaja sauti ndogo iliyojaa makombo.

"Niko jikoni, baba."